Mafunzo ya Wikiendi ya Kulenga Shabaha kwa Bunduki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya anayejiandaa kwenda kwenye mafunzo ya kikundi ya siku mbili ya kulenga shabaha kwa bunduki ndefu, hasa anayekwenda kwa mara ya kwanza. Yameandikwa na mtu anayefundisha kwenye mstari wa kupigia risasi, na pale nilipo na msimamo wangu nimeusema bila kuuficha. Sheria za silaha hutofautiana kutoka nchi hadi nchi. Za nchi yako ndizo zinazotangulia kila kilichoandikwa hapa chini.

Sijawahi kushika bunduki. Nije tu?

Njoo. Asiyejua kitu mara nyingi ndiye anayesonga mbele haraka, kwa sababu anafanya anachoelekezwa. Aliyejifundisha mwenyewe kwa miaka huja na mazoea yaliyokwisha kuota mizizi: kichwa kinainama kuifuata bunduki badala ya bunduki kuletwa usoni, kidole kinakwapua kifyatulio, macho yanafumba kabla mlio haujasikika. Kuyaondoa hayo ni kazi ya siku nzima. Wewe usiye na mazoea yoyote, siku hiyo yote ni yako ya kujifunza.

Siku mbili zinatosha kujifunza nini hasa?

Zinatosha kukufikisha mahali ambapo risasi ikitoka unajua imekwenda wapi kabla hujaenda kuitazama karatasi, na ikikosa unajua kwa nini. Kwangu mimi hilo ndilo somo lenyewe. Alama utakazopata jioni ya siku ya pili zinafurahisha, na wengi huzipania, lakini aliyepata alama nyingi bila kujua alizipataje hawezi kuzirudia wiki ijayo. Mwenye alama chache anayeweza kuweka kidole kwenye tundu na kusema "hii nilikuwa navuta pumzi" ameshajua cha kurekebisha, na huyo akirudi nyumbani ataendelea kuwa mwalimu wake mwenyewe.

Kwa kawaida asubuhi ya kwanza huenda kwenye usalama na mikao, bila risasi hata moja. Baadaye mnaanza kupiga risasi tano tano kwenye karatasi, bila haraka. Siku ya pili ndipo saa inapoingia: kubadili mkao, kubadili magazini (kijisanduku kinachobeba risasi), kumaliza risasi ndani ya sekunde zilizopangwa. Utachoka, hasa viwiko na shingo.

Watu wote hao na bunduki mahali pamoja, kuna usalama kweli?

Upo, kwa sharti kwamba kila mtu anafuata utaratibu bila kuupunguza. Utasikia kanuni nne hadi uziote usiku. Bunduki yoyote ichukulie kuwa ina risasi, hata kama umeikagua mwenyewe sasa hivi. Mdomo wa mtutu usielekee kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, mpaka vilengeo viwe juu ya shabaha. Na ujue unacholenga ni nini, na nyuma yake kuna nini. Kanuni hizi zinalindana: ukiteleza kwenye moja, nyingine bado inamkinga mwenzako.

Hiyo ya nne watu huipuuza kwa kuwa mbele yao kuna tuta la udongo. Lakini risasi ya .22, hiyo ndogo ambayo wengi huiona ya mchezo, inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu mtutu ukiinuliwa. Tuta linasimamisha risasi ya mtutu unaolielekea tu. Anayekoki, yaani anayeingiza risasi tayari kwa kupigwa, huku mdomo wa bunduki ukitazama mawingu hana tuta.

Kwenye mstari wa kupigia kuna sauti moja, ya msimamizi wa uwanja. Yeye ndiye anayesema pakieni, pigeni, acheni kupiga. Akisema acheni, unatoa magazini, unavuta bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) nyuma, unaitazama chemba, pale risasi inapokaa, na kuhakikisha ni tupu, unachomeka kijibendera cha plastiki kinachoonekana kwa mbali, unailaza bunduki chini na kurudi nyuma ya mstari. Wakati wenzako wako mbele wakitazama shabaha zao, hakuna anayegusa bunduki. Hata kufuta vumbi. Hata kuweka sawa mkanda wa bunduki. Hii ndiyo kanuni ambayo sina msamaha nayo, na nimeshawaambia watu wafunge vitu vyao waondoke kwa sababu yake.

Kuna amri moja ambayo kila mtu, hata mgeni wa saa moja, ana haki ya kuipaza: acha kupiga! Ukiona mtu ametokeza pembeni mwa tuta, ukiona mnyama, ukiona jambo lolote linalokutia shaka, ita kwa nguvu na mstari mzima utasimama. Hakuna atakayekulaumu ikionekana hapakuwa na kitu.

Risasi ikigoma kulipuka nifanye nini?

Ukivuta kifyatulio ukasikia "tik" peke yake, usifungue bolti. Shikilia mtutu uelekee kwenye tuta kwa sekunde 30, kwa kuwa baruti inaweza kuwa imechelewa tu kushika moto, huku umeinua mkono kumwita mkufunzi. Kinachonitisha zaidi ni mlio dhaifu kuliko kawaida. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikikuta njia imezibwa, mtutu unaweza kupasuka usoni pako. Ukisikia mlio wa ajabu, simama hapo hapo. Usikoki tena hata kama mstari wote unaendelea kupiga.

Nije na bunduki gani?

Yenye kalibri (upana wa tundu la mtutu) ya .22, ile ambayo kwenye kasha la risasi huandikwa .22 LR. Risasi hiyo imekuwepo tangu 1887 na bado sijaona ya kuishinda kwa kufundishia. Kichwa chake kina uzito wa gramu mbili na nusu hivi, bunduki haipigi teke la kuumiza, na mlio wake ni mdogo ukilinganisha na bunduki kubwa. Kwa siku mbili utapiga risasi mia kadhaa. Ukizipiga kwa bunduki kubwa, kufikia mchana bega limeshaanza kuogopa, na bega likiogopa mwili mzima unajikunja kabla ya kila risasi. Woga huo ukiingia, kuutoa ni kazi ngumu kuliko kufundisha kulenga.

Iwe ya kukoki kwa mkono au ya nusu-otomatiki, zote zinafaa. Magazini mbili au tatu zitakurahisishia mambo, na mkanda imara wa kurekebishika ni wa lazima, kwa sababu tutautumia kutuliza mkono wa mbele. Kabla hujaondoka nyumbani kaza skurubu zote zinazoshika darubini ya kulengea. Darubini inayocheza imewapotezea watu asubuhi nzima wakitafuta mwilini kosa lililokuwa kwenye skurubu.

Vikundi vingi huwa na bunduki za kuazimisha wanafunzi. Uliza mapema.

Darubini ni bora kuliko vilengeo vya chuma?

Ni rahisi zaidi, na mwenye macho yanayosumbua atumie darubini bila aibu. Lakini nikipewa mwanafunzi mpya, napenda aanzie kwenye chuma walau nusu siku.

Sababu ni jicho. Jicho la binadamu haliwezi kuona kwa uwazi vitu viwili vilivyo umbali tofauti kwa wakati mmoja, nawe una vitatu: kilengeo cha nyuma kilicho karibu na uso wako, kilengeo cha mbele kilicho mwisho wa mtutu, na shabaha kule. Cha kuona kwa uwazi ni kilengeo cha mbele. Shabaha iache iwe na ukungu. Wanafunzi hili hulipinga, maana kila mtu anataka kukiona anachokipiga. Basi fanya hesabu. Kwenye bunduki ambayo vilengeo vyake viwili vimeachana sentimita 50, kile cha mbele kikienda upande kwa milimita moja tu, risasi itahama sentimita 5 kwenye shabaha iliyo mita 25. Milimita hiyo huioni kama jicho lako liko kwenye karatasi. Ukungu wa shabaha, kwa upande wake, haukuhamishii risasi; utaweka kilengeo katikati ya duara lenye ukungu karibu sawa na unavyoweka katikati ya duara lililo wazi.

Kwa mwenye darubini, ushauri wangu ni kupunguza ukuzaji. Mara nne inatosha kabisa kwenye mita 25. Darubini haikutulizi, inakuonyesha tu unavyotikisika, na ikikuza sana mtu huanza kuvizia: anasubiri msalaba wa ndani ya darubini upite katikati kisha anakwapua kifyatulio. Kwa kufanya hivyo anaharibu risasi ambayo ingekuwa nzuri kama angeivuta polepole huku msalaba ukicheza kidogo. Na shavu likae palepale kwenye kitako kila risasi. Kwenye umbali mfupi jicho likihama nyuma ya darubini, msalaba nao unaonekana kuhama juu ya shabaha hata kama bunduki haijatikisika.

Nivae nini, nibebe nini?

Kofia yenye ukingo mbele, miwani ya kinga, shati la mikono mirefu lenye kola inayofunga shingo. Kola si urembo: ganda la risasi linatoka likiwa la moto, na likiingia shingoni mtu huruka na bunduki mkononi. Likikuingia, kwanza funga kizuizi cha usalama cha bunduki, laza bunduki mtutu ukielekea mbele, ndipo ujikung'ute. Leta kitu cha kulalia chini, kitu cha kukinga viwiko, maji ya kunywa mengi kuliko unavyodhani, daftari na kalamu.

Kinga ya masikio inastahili maneno zaidi. Hata .22 inaweza kufika desibeli 140 kwenye sikio la mpigaji, na hapo ndipo mlio mmoja wa ghafla unapoweza kuanza kuliharibu sikio. Bunduki kubwa hupita hapo kwa mbali. Usikivu ukipotea haurudi. Mimi huvaa viwili kwa pamoja, vizibo vya sponji ndani na vifuniko vya masikioni juu. Kizibo cha sponji kisipoingia vizuri hakina kazi: kisokote kiwe chembamba, tumia mkono wa upande wa pili kulivuta sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole mpaka kijitanue. Kikionekana kimechomoza nje, hakijaingia.

Ninatumia mkono wa kushoto. Au jicho langu la kushoto ndilo lenye nguvu. Itakuwaje?

Jipime kwanza. Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja uache tundu dogo katikati, tazama kitu cha mbali kupitia tundu hilo macho yote mawili yakiwa wazi, kisha fumba la kushoto. Kitu kikibaki ndani ya tundu, jicho lako tawala ni la kulia. Kikipotea, ni la kushoto.

Kwa anayeanza, ninashauri bunduki iwekwe bega la upande wa jicho tawala, hata kama mkono wake wa kuandikia ni mwingine. Nusu siku ya kwanza utajiona mzito, baadaye mikono inazoea. Károly Takács wa Hungaria aliumizwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938, akajifunza upya kwa mkono wa kushoto, akatwaa dhahabu ya bastola katika Olimpiki za 1948 na 1952. Mwili unajifunza. Aliyekwisha kuzoea bega lake kwa miaka anaweza kubaki nalo na kubandika kipande cha utepe kwenye lenzi ya miwani mbele ya jicho linalomchanganya.

Kwa nini tunalazwa chini muda mrefu kabla ya kupiga hata risasi moja?

Kwa sababu risasi nzuri inatengenezwa hapo. Yanayofuata baadaye, pumzi na kidole, kazi yake ni kutoharibu mkao uliokwisha kuujenga.

Lala kifudifudi. Kwa anayetumia bega la kulia, kiwiko cha kushoto kiwe karibu chini kabisa ya bunduki, ili mfupa wa mkono usimame kama nguzo na bunduki ilale juu ya kiganja kilicholegea, vidole bila kukaba. Mkanda uliozungushwa juu ya kiwiko unakaza kuanzia mkononi hadi mbele ya bunduki, na mvutano huo ndio unaobeba uzito ambao vinginevyo msuli ungeubeba. Msuli ukifanya kazi unatetemeka na unachoka. Mfupa na ngozi ya mkanda havichoki.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi aondoke nalo hata kama atasahau mengine yote. Lenga shabaha. Fumba macho. Vuta pumzi mbili za kawaida, acha mwili uzame ardhini, kisha fumbua. Vilengeo viko wapi? Kama vimehamia kulia, hapo ndipo mwili wako unapolenga wenyewe, na hapo ndipo bunduki itakapotaka kurudi kila mara. Unaweza kuisukuma kwa mkono irudi katikati, na watu wenye nguvu hufanya hivyo siku nzima. Lakini risasi inapotoka msuli hulegea kidogo na bunduki hurudi kwao, na tundu linaonekana kulia. Dawa yake ni kuacha kiwiko cha kushoto palepale kama mhimili na kuuzungusha mwili: sogeza nyonga upande kidogo, fumba macho tena, fumbua tena. Kwenda juu au chini, usogeze mwili mzima mbele au nyuma kidogo. Rudia mpaka ukifumbua macho unakuta vilengeo vimekaa juu ya shabaha bila wewe kufanya lolote.

Nimewaona watu wakihama upana wa kiganja tu, na tundu zilizokuwa zimetapakaa upande mmoja zikaja kukaa chini ya kidole gumba. Bunduki ileile, risasi zilezile.

Na pumzi? Na kifyatulio?

Pumua kawaida, toa pumzi, na mwishoni mwake kuna utulivu wa asili wa sekunde chache kabla mwili haujadai hewa tena. Piga hapo. Mwili ukianza kudai na risasi haijatoka, acha, pumua, anza upya. Kung'ang'ania ukiwa umebana pumzi hufanya macho yaanze kuona vibaya, na vibaya zaidi, hukutia pupa.

Kifyatulio kivutwe na nyama ya ncha ya kidole, moja kwa moja nyuma, kwa shinikizo linaloongezeka bila kukatika. Mlio ukushtue kidogo. Kisha shikilia kifyatulio nyuma, macho wazi, utazame vilengeo vilikuwa wapi mlio uliposikika. Kichwa cha risasi huchukua elfu chache za sekunde kutoka nje ya mtutu, na muda huo wote bunduki bado inaufuata mwili wako. Anayeinua kichwa upesi kutazama alichopata huwa ameanza kukiinua kabla. Sema kimoyomoyo: "katikati", "chini kidogo", "kulia". Ukienda kutazama karatasi, linganisha. Siku maneno yako na tundu vinapoanza kukubaliana, mafunzo yamekuingia.

Si ningejifunza haya peke yangu?

Mengine ungeweza. Lakini hujioni. Kwenye mafunzo ya kikundi mnawekwa wawili wawili, na kazi ya asiyepiga ni kumtazama mwenzake, macho yake yakiwa usoni na kidoleni mwa anayepiga, wala asihangaike na shabaha. Ataona kope zinazofumba kabla ya mlio. Ataona kidole kinachoruka mbele mara tu risasi inapotoka. Ataona mguu unaonyanyuka kisigino, kiwiko kinachohama kila magazini inapobadilishwa. Mambo haya mpigaji mwenyewe huyakana kwa dhati, kwa sababu kweli hayahisi. Na anayetazama hujifunza vilevile: ukishaona kope za mwenzako, utaanza kuzichunguza zako.

Risasi zangu zimetawanyika. Kosa liko wapi?

Weka bunduki salama, nenda ukaitazame karatasi bila hasira. Zimetawanyika namna gani?

Zikipangana wima, juu na chini, tuhuma ya kwanza ni pumzi. Ukiwa umelala, kifua kinapopanda na kushuka bunduki inafuata, kwa hiyo anayepiga popote katika pumzi yake huchora mstari wa wima. Zikipangana kwa upana, angalia kama unaisukuma bunduki kwa msuli au kidole kinavuta kifyatulio kwa upande. Ukiona vikundi viwili vidogo vya matundu vilivyoachana, kila kimoja kizuri, kuna kitu kilibadilika katikati ya zoezi: shavu lilihama, kiwiko kiliinuliwa, mkanda uliteleza. Hili hutokea sana kwa aliyebadili magazini. Zikienea kote bila mpango, rudi kwenye jicho na kilengeo cha mbele, na ushike darubini uone kama inacheza.

Halafu kuna wale ambao kila kitu kiko sawa lakini tundu linaonekana chini na pembeni. Huyo anajikunja kabla ya mlio. Maneno hayamsaidii, maana anaamini hajikunji. Mkufunzi huchukua magazini yake na kumpakilia risasi bandia kati ya risasi za kweli, bila yeye kujua zimepangwaje. Anapiga moja, ya pili, ya tatu ni "tik", na hapo wote mnaona mtutu ukipiga mbizi bila mlio wowote. Nyuso hubadilika. Baada ya magazini tatu za namna hiyo wengi huacha wenyewe, kwa sababu mwili hauwezi kuogopa mlio usiojua kama utakuja.

Usiguse marekebisho ya vilengeo mpaka kikundi kikusanyike. Kikundi kidogo kilicho mbali na katikati ni kazi nzuri inayongoja kusogezwa. Risasi moja iliyoingia katikati kati ya tano zilizotapakaa haina maana yoyote, na kuirekebishia darubini ni kufukuza upepo.

Nitajuaje nizungushe vilengeo kiasi gani?

Hesabu yake huwatisha watu bure. Nyuzi moja ya pembe ina dakika 60. Dakika moja ya pembe kwenye mita 100 ni karibu milimita 29. Kwenye mita 25 ni robo ya hapo, yaani milimita 7 na ushei. Darubini nyingi husogea robo ya dakika kwa kila mbofyo, kwa hiyo kwenye mita 25 mbofyo mmoja unahamisha risasi karibu milimita 1.8.

Chukua mfano. Kikundi chako kiko sentimita 2 chini na sentimita 1 kushoto mwa katikati. Milimita 20 ugawe kwa 1.8, unapata mibofyo 11 kwenda juu. Milimita 10 ugawe kwa 1.8, mibofyo 5 au 6 kwenda kulia. Pima kutoka katikati ya kikundi chote, usipime kutoka tundu unalolipenda. Piga tano nyingine kuthibitisha. Andika daftarini.

Kwa nini mita 25? Hapo si karibu mno?

Kosa la mwili ni la pembe, na pembe haibadiliki kwa umbali. Kikundi cha sentimita 3 kwenye mita 25 kingekuwa sentimita 12 kwenye mita 100 kwa mtu yuleyule. Ndiyo maana tunatumia shabaha zilizopunguzwa: umbo dogo lililoko mita 25 huonekana kama umbo kubwa lililoko mita 100, 200 au zaidi, na linadai utulivu uleule. Faida yake ni kwamba unatembea hatua chache kuiona karatasi yako huku kumbukumbu ya risasi ikiwa bado mbichi.

Kisichopunguzwa ni upepo na nguvu ya mvutano wa dunia. Risasi ya .22 ya kasi ya kawaida inapofika mita 50 imekwisha kudondoka karibu sentimita 12 chini ya mstari wa mtutu, na vilengeo vimepangwa kufidia hilo. Kwenye umbali mkubwa mambo haya mawili yanakuwa somo kamili la siku nyingine.

Umri? Wanawake? Mwenye ulemavu?

Oscar Swahn wa Uswidi alipata medali ya fedha ya bunduki katika Olimpiki za Antwerp za 1920 akiwa na miaka 72. Margaret Murdock wa Marekani alilingana alama na mwanamume, Lanny Bassham, katika bunduki ya mikao mitatu huko Montreal mwaka 1976, wakati wanaume na wanawake walishindana pamoja. Fedha ikaenda kwa Murdock kwa kanuni za kuvunja sare, na Bassham akamvuta wasimame wote jukwaa la juu. Michezo ya Paralimpiki ina ulengaji pia, na wapo wanaoegemeza bunduki juu ya stendi kwa sababu mikono yao haiwezi kubeba uzito wake.

Kwa watoto, umri unategemea sheria ya nchi na utulivu wa mtoto mwenyewe, na mzazi akae naye muda wote. Mjamzito namshauri asubiri, kwa sababu ya mlio na kwa sababu ya vumbi la risasi, yale madini mazito yenye sumu (lead) yanayotengenezewa vichwa vya risasi.

Vumbi hilo linadhuru na wengine?

Linadhuru yeyote anayelila au kulivuta kwa pumzi. Usile wala kuvuta sigara kwenye mstari. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla ya chakula, na ukifika nyumbani nguo za uwanjani zifuliwe peke yake.

Haya si mafunzo ya kivita?

Hapana. Tunapiga karatasi. Ulengaji umekuwa katika Olimpiki tangu zile za kwanza za kisasa, Athens mwaka 1896, na katika mashindano ya mita 50 leo duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu. Uswisi kuna tamasha la kila mwaka liitwalo Feldschiessen, ambapo watu wa kawaida, zaidi ya laki moja, hukusanyika kwa wikiendi moja, na wenye bunduki ndefu hupiga risasi 18 kwenye mita 300. Wanaovutiwa na mchezo huu wengi ni watu watulivu, na wanaokuja kutafuta mbwembwe huchoshwa upesi na saa zile za kulala kifudifudi.

Mvua ikinyesha?

Tunaendelea. Radi ikipiga tunaondoka uwanjani.

Nisafirishe vipi bunduki?

Tupu, ndani ya kasha lililofungwa, risasi zikiwa mahali tofauti, vibali mkononi. Ukifika usiifungue kwenye maegesho. Subiri uambiwe uilete mstarini.

Baada ya wikiendi, nikiwa sina uwanja karibu, nitajizoezaje?

Bila risasi. Sehemu kubwa ya ulengaji hujengwa hivyo, na robo saa kila jioni itakupeleka mbali kuliko siku nzima uwanjani mara moja kwa mwezi.

Risasi zote ziondolewe kwenye chumba hicho, ziende chumba kingine. Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba, kisha iguse kwa kidole kidogo. Chagua ukuta ambao ungesimamisha risasi kweli na ubandike kidoti cheusi. Baadhi ya bunduki za .22 huharibika zikifyatuliwa tupu, pini ikigonga ukingo wa chemba, kwa hiyo soma kitabu cha bunduki yako au tumia risasi bandia. Lala, vaa mkanda, fumba macho, pumua, fumbua, sogeza nyonga. Weka sarafu juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele. Ukivuta kifyatulio na sarafu ikabaki, kidole kimefanya kazi yake. Taja kila mara vilengeo vilikuwa wapi.

Ukimaliza, bandua kidoti ukutani, sema kwa sauti kwamba mazoezi yamekwisha, na ufungie bunduki kabatini. Ajali nyingi za mazoezi haya hutokea kwa yule aliyekwisha kurudisha risasi kisha akataka kuvuta mara moja zaidi.